SOMO LA MIFUGO: MAFUTA YA MGAO SI CHAKULA CHA NG'OMBE

Wapo wanaomnywesha ng'ombe aliyekonda mafuta ya mgao ili anenepe. Ukifanya hivyo watoto wanakosa mafuta, na ng'ombe huzidi kudhoofika. Sababu ni hizi:

1. Katika tumbo kubwa la ng'ombe wamo vijidudu wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaoyeyusha majani.

2. Mafuta mengi huua vijidudu hao na kuyafunika majani. Ng'ombe huacha kula, huharisha, na maziwa hupungua.

3. Mafuta husagwa mbele zaidi, katika utumbo mwembamba, tena kwa kiasi. Katika kilo 100 za chakula kikavu, mafuta yote yasizidi kilo 6. Hata majani yana mafuta kidogo.

Ufanye nini? Mpe majani ya kutosha, maji safi na chumvi ya kulamba. Ukipata mashudu ya pamba au alizeti, anza na konzi moja, ongeza polepole. Akiendelea kukonda, huenda ana minyoo: mwone bwana mifugo.

Mafuta hutumika kama dawa tumbo likivimba kwa povu. Hapo mwite bwana mifugo upesi.