Somo la Kumi na Mbili: Tutembee Pamoja

Katika somo hili tutajifunza faida ya kutembea kwa ajili ya afya. Tutajifunza pia namna ya kuanzisha kikundi cha kutembea kijijini. Soma polepole. Kisha jadiliana na wenzako darasani.

Mzee aliyeacha kwenda shamba

Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa Hasamba, wilayani Mbozi. Kwa miaka mingi alilima kahawa na mahindi. Kila siku alikwenda shamba kwa miguu. Alipalilia, alichuma kahawa, alibeba magunia. Hakuna aliyehitaji kumwambia atembee.

Kisha mke wake akafariki. Watoto walikuwa wamehamia Tunduma kufanya biashara. Nguvu zilipopungua, mzee alimkodisha jirani shamba lake. Akabaki nyumbani. Asubuhi aliota moto. Mchana aliketi uani. Siku nyingine jua lilikuchwa hajazungumza na mtu.

Siku moja alishikwa na kizunguzungu. Akaenda zahanati. Mganga akampima, akakuta presha iko juu. Akampa dawa, akamwambia:

"Mzee, meza dawa hizi kila siku. Punguza chumvi. Tena utembee, angalau nusu saa kwa siku."

"Nitembee kwenda wapi?" mzee akauliza. "Shamba nimekodisha."

"Si lazima uwe na mahali pa kwenda. Tembea, kisha urudi."

Kesho yake mzee akatoka peke yake. Watoto njiani wakamwuliza, "Shikamoo babu. Umepotelewa na ng'ombe?" Mzee akaona haya. Siku iliyofuata hakutoka.

Jirani yake mmoja alikuwa fundi cherehani. Alisikia habari hiyo, akaja kumsalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, mimi nashinda nimekaa kwenye cherehani. Jioni miguu imevimba. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitapita hapa na mama mkwe wangu. Twende wote."

"Watu watasema nini?"

"Mtu mmoja akitembea bila safari, watu humshangaa. Tukiwa wengi, watauliza kama nao wanaweza kuja."

Ikawa hivyo. Walianza watatu. Mwezi ulipokwisha walikuwa tisa.

Je, mkulima ahitaji kutembea?

Wengine watasema: "Sisi tunalima. Mazoezi ni ya watu wa mjini." Neno hilo lina ukweli. Anayelima kwa jembe anafanya mazoezi ya kutosha siku hiyo. Lakini si watu wote wa kijijini wanaolima kila siku. Yupo mwenye duka. Yupo dereva wa pikipiki. Yupo fundi cherehani. Wapo wazee. Na baada ya mavuno, hata mkulima hukaa.

Mwili unaokaa sana hupata shida. Moyo ni msuli. Msuli usiofanya kazi hulegea. Kutembea huimarisha moyo na husaidia kushusha presha. Misuli ya miguu ikifanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu. Kwa hiyo kutembea humfaa pia mwenye kisukari. Huleta usingizi mzuri, na hupunguza mawazo.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki. Hesabu yake ni rahisi: dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Jambo hili si geni kwetu

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, watu wengi walifanya matembezi ya kuliunga mkono. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana juu ya kuzuia magonjwa. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi nchini. Alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa mazoezi. Siku hizi Dar es Salaam na Zanzibar kuna vikundi vingi vinavyotembea na kukimbia pamoja alfajiri.

Namna ya kuanza

1. Kutaneni. Chagueni siku na saa inayowafaa wote. Mbozi ni baridi sana asubuhi mwezi wa Juni na Julai. Mnaweza kutembea jioni.

2. Chagueni njia salama. Epukeni barabara kuu ya Tunduma, kwa sababu ya malori. Kama hapana budi kupita barabarani, tembeeni upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, ili myaone magari yanayokuja.

3. Anzeni kidogo. Wiki ya kwanza, dakika 10 zatosha. Ongezeni taratibu.

4. Msishindane. Haya si mashindano, wala hakuna zawadi. Anayetembea polepole kuliko wote akae mbele. Wengine wafuate mwendo wake. Hivyo hakuna atakayeachwa.

5. Pimeni mwendo kwa maneno. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

6. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwulize mganga kwanza. Asiache dawa kwa sababu anatembea. Mwenye kisukari avae viatu visivyombana, na akague nyayo zake kila siku.

7. Mtu akiumwa kifua, akipata kizunguzungu, au akikosa pumzi, asimame mara moja. Apelekwe kituo cha afya.

Daftari la kikundi

Kikundi cha Hasamba kilimchagua fundi cherehani kuwa katibu, kwa kuwa alikuwa amejifunza kusoma na kuandika. Kila siku aliandika tarehe na majina ya waliofika. Wakawekeana sharti moja: asiyefika mara mbili atembelewe.

Wiki moja katibu alitazama daftari. Jina la mzee halikuwapo Jumanne. Alhamisi pia halikuwapo. Wakaenda watu watatu nyumbani kwake. Wakamkuta amelala, kichwa kinamwuma sana. Dawa zake zilikuwa zimekwisha siku nne, naye hakutaka kumsumbua mtu. Wakamchukua kwa pikipiki mpaka zahanati. Alipimwa, akapewa dawa, akaambiwa apumzike.

Baada ya wiki mbili mganga alimruhusu kutembea tena. Sasa yeye ndiye mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Basi hutangulia mbele, na wenzake humfuata wakizungumza. Watoto njiani hawaulizi tena habari za ng'ombe. Husema, "Shikamooni," na wengine hufuatana nao mpaka shuleni.

Kutembea kulimsaidia mzee. Lakini siku ile aliokolewa na wenzake, na jina lililokosekana katika daftari.

Maswali

1. Kwa nini mzee aliacha kutembea siku ya pili?
2. Kwa nini anayetembea polepole hukaa mbele?
3. Ni dalili gani zinazomtaka mtu asimame mara moja?
4. Katika kijiji chako, ni nani anayeshinda peke yake? Mtamwalikaje?

Zoezi

Andika katika daftari lako majina ya watu watano ambao ungependa kutembea nao. Andika siku, saa na njia mtakayopita. Kisha uwasomee wenzako darasani.