Uniti ya Sabini na Sita: Hesabu ya Umeme wa Kuchajia Chombo Nyumbani

Wafanyabiashara waliopitisha misafara yao kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19 walikuwa na gharama za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa posho ya wapagazi, ambayo iliongezeka siku kwa siku kadiri safari ilivyorefuka. Ya pili ilikuwa hongo, yaani ushuru wa njia uliotozwa na watawala, hasa katika Ugogo, na kulipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Hongo haikufuata idadi ya siku. Ilidaiwa mara msafara ulipoingia katika himaya ya mtawala. Kiongozi aliyepiga hesabu ya posho peke yake aliweza kufika Unyanyembe, penye mji wa Tabora wa leo, akiwa amepungukiwa na mali.

Katika njia hiyo miguu ya wapagazi iliachia nafasi mashine. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, katikati ya nchi ile ile ya Ugogo. Nazo bajaji, pikipiki na magari yatumiayo betri yameingia nchini, na mwenye chombo cha namna hiyo hukichaji nyumbani usiku anapolala. Swali linalomkabili ni hili: umeme huo ataulipia kwa bei ya kundi gani? Jibu lake hutaka hisabati ya kidato cha pili tu, lakini hutaka pia ikumbukwe kwamba bei za umeme, kama njia ya misafara, zina mpaka, na kuvuka mpaka kuna gharama yake.

1. Kinachouzwa ni nishati

Mita ya umeme hupima nishati. Kizio chake ni kilowati-saa, ambacho kwa kawaida huitwa uniti. Chombo chenye nguvu ya wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja hutumia uniti moja. Chenye nguvu ya wati 500 huhitaji saa mbili kutumia kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kuchaji betri polepole usiku kucha hakupunguzi sana uniti, wala kuichaji upesi hakuziongezi sana. Kinachobadilika ni muda.

Hata hivyo, nishati yote iliyopita kwenye mita haifiki katika betri. Sehemu yake hupotea kwa njia ya joto ndani ya chaja, ndani ya waya na ndani ya betri yenyewe. Na ichukuliwe kwamba ufanisi ni asilimia 90. Betri ya bajaji ikihitaji kilowati-saa 4.5 baada ya kazi ya siku moja, mita itahesabu 4.5 ÷ 0.9, yaani uniti 5. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, jumla ni uniti 130. Namba hii itatumika katika mfano ufuatao.

2. Makundi mawili ya bei

Katika Tanzania Bara bei za umeme wa Shirika la Umeme, TANESCO, huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Kwa amri iliyoanza kutumika Aprili 2016, makundi mawili yanahusu nyumba za kawaida.

Kundi D1 liliwekwa kwa ajili ya nyumba zenye matumizi madogo, ambazo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti kati ya hizo 75 iliwekewa bei ya shilingi 100, ambayo ni bei yenye nafuu. Kila uniti iliyozidi 75 iliwekewa bei ya shilingi 350.

Kundi T1 liliwekwa kwa ajili ya matumizi ya jumla: nyumba zinazozidi wastani huo, maduka, na viwanda vidogo. Humo kila uniti iliwekewa bei moja ya shilingi 292, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

Ikiwa x ni idadi ya uniti za mwezi, na x imezidi 75, gharama kwa shilingi ni hizi:

D1: 75 × 100 + 350(x − 75) = 350x − 18,750
T1: 292x

Mistari hii miwili hukutana pale 350x − 18,750 = 292x, yaani 58x = 18,750, na x ni karibu 323. Chini ya uniti 323, D1 ni rahisi zaidi kwenye karatasi. Juu ya hapo, T1 ndiyo rahisi.

Juu ya gharama hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3, na ya EWURA asilimia 1. Mwanafunzi aweza kuuliza kama nyongeza hizo huhamisha mahali mistari inapokutana. Hazihamishi. Pande zote mbili za mlinganyo huzidishwa kwa 1.22, na x hubaki ile ile. Kadhalika kodi ya jengo, ambayo ilianza kukatwa kwa njia ya LUKU mwaka 2021, ni kiasi kisichofuata idadi ya uniti. Ikiongezwa pande zote mbili haibadili jibu.

Bei zenyewe zaweza kubadilishwa kwa amri mpya. Mwalimu yafaa azilinganishe na risiti za LUKU za wanafunzi wake, kisha aweke namba za wakati huo. Njia ya kukokotoa itabaki hii hii.

3. Mfano wa nyumba moja

Na ichukuliwe familia ya Tabora yenye taa, redio, televisheni na pasi, itumiayo uniti 60 kwa mwezi. Ikiwa katika D1, hulipa shilingi 6,000 kabla ya kodi na tozo. Kisha familia inanunua bajaji ya umeme ihitajiyo uniti 130. Jumla ya matumizi sasa ni uniti 190.

Kwa D1 gharama ingekuwa 350 × 190 − 18,750 = shilingi 47,750.
Kwa T1 gharama ni 292 × 190 = shilingi 55,480.

Hesabu ya kwanza ni ndogo zaidi, lakini hapa ndipo wengi hukosea. D1 si kundi ambalo mteja hulichagua apendavyo. Nyumba ambayo wastani wake umefika uniti 190 haimo tena katika maana ya kundi hilo, na mahali pake ni T1. Kwa hiyo hesabu ya 47,750 haiwezi kutegemewa mwaka hadi mwaka. Familia yenye busara itajitayarisha kwa 55,480.

Sasa bajaji yenyewe imegharimu kiasi gani? Mtu ataharakisha kujibu kwamba ni uniti 130 kwa shilingi 292, yaani 37,960. Jibu hilo limesahau kitu. Kabla ya bajaji familia ililipa 6,000. Baada yake inalipa 55,480. Tofauti ni shilingi 49,480. Ukigawanya kwa 130, kila uniti ya kuchajia imegharimu shilingi 381 hivi, wala si 292. Zile shilingi 11,520 zilizozidi ni gharama ya taa, redio na pasi, ambazo zilikuwa zikilipiwa shilingi 100 kwa uniti na sasa zinalipiwa 292. Hiyo ndiyo hongo ya mpaka: haikutozwa kwa bajaji peke yake, bali kwa kila kilichokuwamo nyumbani mpaka ulipovukwa.

Ukali wa mpaka huonekana vizuri zaidi katika uniti moja. Nyumba ya uniti 75 katika D1 hulipa shilingi 7,500. Nyumba ya uniti 76 katika T1 hulipa shilingi 22,192. Uniti ya sabini na sita, ikiwa ndiyo iliyoihamisha nyumba, imegharimu shilingi 14,692. Kwa bahati njema kinachotazamwa ni wastani, si mwezi mmoja wa sikukuu au wa msiba wenye wageni wengi. Lakini chombo kinachochajiwa kila usiku si mgeni. Huingia katika wastani na kukaa.

Kwa familia iliyokwisha kuwa katika T1 hali ni tofauti kabisa. Nyumba yenye friji na jiko la umeme, itumiayo uniti 150, italipa nyongeza ya 37,960 tu kwa bajaji ile ile, kwa kuwa haikuwa na nafuu ya kupoteza. Hivyo majirani wawili wenye vyombo vilivyo sawa waweza kuwa na gharama zisizolingana, na wote wawili wawe wamepiga hesabu sahihi.

4. Mita mbili

Je, familia ya uniti 60 yaweza kuilinda nafuu yake? Njia moja ya kufikiria ni mita ya pili kwa ajili ya kuchajia tu. Nyumba ingebaki D1 kwa shilingi 6,000, na bajaji ingelipa T1 kwa 37,960. Jumla ni 43,960, pungufu kwa shilingi 11,520 kuliko mita moja ya T1. Pamoja na kodi na tozo, akiba ni kama shilingi 14,054 kwa mwezi.

Mita ya pili katika kiwanja kimoja hutaka idhini ya shirika, na si jambo la kudhani kuwa litakubaliwa. Tena ina gharama ya maunganisho. Mathalani, gharama hiyo ikiwa sawa na ile iliyowekwa mwaka 2022 kwa mteja mpya wa mjini aliye ndani ya mita 30 bila nguzo, yaani shilingi 320,960, familia itairudisha kwa akiba ya miezi 23. Kwa chombo kitakachotumika miaka mitano, yafaa kuuliza ofisini kabla ya kukinunua. Kwa chombo cha mwaka mmoja, haifai.

5. Je, umeme wa usiku si rahisi zaidi?

Wengi wamesikia kwamba katika nchi nyingine umeme wa usiku huuzwa kwa bei ndogo. Ni kweli. Uingereza ilianzisha mwaka 1978 mpango wa saa saba za usiku zenye nafuu, kwa sababu mitambo mikubwa iliendelea kuzunguka wakati watu wamelala. Nchini Kenya, bei zilizotangazwa mwaka 2023 ziliweka kwa wateja wa vyombo vya umeme shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 katika saa za matumizi madogo. Nchini Uganda bei za nyakati mbalimbali zimewekwa kwa wateja wa biashara na viwanda.

Katika D1 na T1 za amri ya 2016 hakuna bei ya usiku. Uniti ya saa 8 usiku na uniti ya saa 8 mchana zina bei moja. Kwa hiyo mwenye chombo asidanganyike kwamba kuchaji usiku kutamrudishia fedha. Kwa bei za namna hii, kiasi ndicho kinacholipwa, si saa.

Lakini sababu za kuchaji usiku wa manane zipo. Tabora hupata umeme wa gridi ya taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka upande wa Shinyanga. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku taa, televisheni na majiko huwashwa kwa pamoja, na volti hushuka katika nyumba zilizo mwisho wa laini. Chombo kikianza kuchajiwa saa 5 hakitaongeza mzigo huo. Tena betri za lithiamu huzeeka upesi katika joto, na usiku wa Tabora, hata mwezi wa Oktoba, una ubaridi kuliko mchana wake.

Mwisho, waya. Chaja inayovuta ampea 10 kwa volti 230 hutumia wati 2,300 kwa saa nyingi mfululizo, jambo ambalo pasi haifanyi. Soketi iliyolegea na waya mwembamba wa kuunganishia hupata moto polepole watu wakiwa wamelala. Fundi aliyesajiliwa akague waya, fyuzi na waya wa ardhini kabla ya usiku wa kwanza.

Maswali ya kufanyia kazi

1. Nyumba hutumia uniti h, ambapo h haizidi 75, na chombo hutumia uniti c. Onyesha kwamba tofauti kati ya mita moja ya T1 na mita mbili ni shilingi 192h. Eleza kwa nini c haimo katika jibu.

2. Chora grafu ya D1 na ya T1 kutoka uniti 0 hadi 400. Kwa nini mstari wa D1 hupinda penye 75?

3. Familia ya uniti 70 inanunua pikipiki ya umeme ihitajiyo uniti 20 kwa mwezi. Linganisha gharama ya T1 kwa uniti 90 na gharama ya kubaki D1 kwa kupunguza uniti 15 za matumizi mengine. Ni vyombo gani vya nyumbani ambavyo vingeweza kutoa uniti hizo 15?

4. Gari huhitaji uniti 12 kila usiku, na chaja yake ni ya kilowati 1.5. Ikiwa siku moja bei ya usiku itaanzishwa kwa saa 6 tu, ni uniti ngapi zitakazobaki nje ya nafuu?