Kagua Oili na Maji ya Mashine Kabla Boti Haijaondoka Gatini

Kwa wakazi wa Pate, Faza, Kizingitini na Kiwayu, boti ndiyo matatu, na ndiyo ambulensi ya mama mjamzito usiku. Mashine ikizima baharini hakuna kando ya barabara pa kuegesha. Msimu wa kusi, mawimbi yanaweza kuisukuma boti miambani kabla nahodha hajafungua kifuniko. Kasoro nyingi zinazozima mashine huonekana mapema kwa ukaguzi wa dakika chache.

Mashine nyingi ndogo za visiwani huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Kiasi cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20. Mashine mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za kwanza; hapo kitabu chake ndicho kifuatwe. Kukadiria kwa jicho ni kujitafutia hasara: oili ikipungua pistoni hukwama, ikizidi plagi huchafuka na mashine hukataa kuwaka. Mashine zenye oili mbali na petroli hupimwa kwa kijiti, zikiwa zimezimwa na kusimama wima. Zikiinamishwa, kipimo hudanganya.

Inayosahaulika zaidi ni oili ya gia, iliyo chini karibu na rafadha. Skrubu ya chini ilegezwe kidogo. Tone likitoka jeupe kama maziwa, maji yameingia, pengine kwa sababu mshipi wa kuvulia umejizungusha nyuma ya rafadha na kukata sili. Kuongeza oili juu ya maji hayo hakusaidii. Sili ibadilishwe kwanza. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini mpaka itokeze la juu, kisha skrubu ya juu ndiyo hutangulia kufungwa. Ikimiminwa kutoka juu, hewa hubaki ndani.

Mashine ya boti haina rejeta. Hupozwa na bahari yenyewe. Ikishawaka, nahodha atazame maji yanayoruka nyuma yake. Yasiporuka, azime papo hapo. Wanaopita Mkanda maji yakiwa yamekupwa wawe makini zaidi, kwani matope na mchanga huziba njia ya maji na kula mpira wa pampu.

Chumvi nayo hugandia ndani, kwa hiyo mashine isafishwe kwa maji matamu baada ya kazi. Penye kutegemea jabia, maji hayo ni ya kunywa kwanza, na hakuna atakayemlaumu nahodha kwa kuyaonea uchungu. Pipa moja linatosha: sehemu ya chini ya mashine hutumbukizwa humo na mashine kuwashwa gia ikiwa huru, maji yakizunguka na kurudi pipani.

Oili chafu ikusanywe mtunguni, isimwagwe mikokoni wanakozaliana kaa na kamba.

Wenye magari Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu wapime oili na maji asubuhi, injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Mvuke wake huunguza uso.