Somo la 9: Mtu wa Dirisha la Dawa

Ukienda hospitali unapita kwa watu wengi. Unaandikishwa. Unamwona daktari. Unapimwa damu. Mwisho unafika kwenye dirisha la dawa. Umechoka, jua limepanda, na nyumbani wanakungoja. Unanyosha mkono, unapokea bahasha, unaondoka.

Wengi wetu tunadhani mtu wa dirisha lile ni kama muuza duka. Tunadhani kazi yake ni kuhesabu vidonge tu. Sivyo. Katika somo hili utajifunza jinsi mtu huyu anavyoweza kuokoa maisha yako na fedha zako. Utaona pia kwamba hawezi kufanya kazi hiyo bila msaada wako.

Mfamasia ni nani?

Mfamasia ni mtaalamu wa dawa. Amesomea kazi hiyo chuo kikuu. Daktari amejifunza zaidi juu ya magonjwa. Mfamasia amejifunza zaidi juu ya dawa. Anajua dawa inafanya nini mwilini, inapatana na dawa gani, na inagombana na dawa gani. Tanzania ilianza kufundisha wafamasia wake Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1974.

Si kila mahali pana mfamasia. Katika zahanati nyingi dawa hutolewa na muuguzi au mtumishi mwingine wa afya. Hata hivyo, maswali utakayojifunza hapa unaweza kumwuliza yeyote anayekupa dawa.

Jicho la pili

Daktari ni binadamu. Anaona wagonjwa wengi kwa siku. Anaweza kusahau kuuliza jambo moja. Kwa hiyo lazima pawe na jicho la pili kabla dawa haijafika kinywani mwako. Jicho hilo ni mfamasia.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana kikohozi kibaya na homa. Daktari amemwandikia amoksilini. Mama anafika dirishani na cheti chake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Mama, je, kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?”

“Ipo. Mwaka juzi nilichomwa sindano ya penisilini. Midomo ilivimba na pumzi ikanibana. Nilidhani nakufa.”

“Ulimwambia daktari leo?”

“Hakuniuliza, nami sikujua kama ni jambo la kusema.”

Mfamasia anaweka cheti kando. Anajua kwamba amoksilini na penisilini ni ndugu wa ukoo mmoja. Mwili unaoikataa moja unaweza kuikataa nyingine, na mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Anamwendea daktari. Daktari anabadilisha dawa. Mama anarudi nyumbani salama.

Angalia jambo hili vizuri. Hapakutumika mashine. Hapakutumika fedha. Lilitumika swali moja, na jibu la kweli.

Je, jambo hili limepimwa?

Huenda utasema, “Huo ni mfano tu.” Ni haki kuuliza hivyo. Basi tuone utafiti mmoja uliofanyika katika hospitali kubwa ya mji wa Boston, nchini Marekani. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1999.

Watafiti walichagua wodi moja ya wagonjwa mahututi. Walimtoa mfamasia chumbani kwake. Wakamtaka azunguke wodini pamoja na madaktari kila asubuhi, aone dawa zinapoandikwa.

Walihesabu kwa siku za wagonjwa. Wagonjwa 10 wakilala wodini siku 100, hizo ni siku 1,000 za wagonjwa. Kabla ya mfamasia kuingia wodini, kila siku 1,000 wagonjwa walidhurika zaidi kidogo ya mara 10 kwa sababu dawa ziliandikwa vibaya. Haya ni madhara ambayo yangeweza kuzuiwa. Baada ya mfamasia kuingia, madhara yalishuka hadi kati ya mara 3 na 4. Yaani, yalipungua kwa theluthi mbili. Katika wodi nyingine, ambayo mfamasia hakuzunguka na madaktari, madhara hayakupungua.

Je, madaktari walikasirika kusahihishwa? Hapana. Mfamasia alitoa mapendekezo 366 juu ya dawa zilizoandikwa. Madaktari waliyakubali 362.

Watafiti walikadiria pia kwamba wodi ile moja iliokoa kama dola 270,000 kwa mwaka. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa aliyedhurika na dawa hukaa hospitali siku nyingi zaidi, na hutibiwa mara mbili: kwanza ugonjwa wake, kisha madhara ya dawa.

Kuokoa fedha zako

Hapa kwetu mfamasia anaweza kukuokolea fedha kwa njia tatu.

1. Dawa moja ina majina mengi. Lipo jina halisi la dawa, na lipo jina ambalo kiwanda kimeipa. Kwa mfano, Panadol ni parasetamoli. Mara nyingi dawa yenye jina halisi ni ya bei nafuu, na inatibu vile vile. Kuna faida nyingine ya kujua majina. Mtu akinywa Panadol asubuhi na mapema, kisha akanywa parasetamoli muda huo huo, amekunywa dawa ile ile mara mbili. Parasetamoli ikizidi huharibu ini.

2. Anaweza kukuambia kwamba dawa fulani huihitaji. Mafua ya kawaida hayaponi kwa antibayotiki. Ukizinunua, umepoteza fedha. Tena vijidudu vingine vilivyomo mwilini huzizoea dawa hizo. Siku utakayozihitaji kweli zitashindwa kukuponya.

3. Anatunza dawa za hospitali. Dawa inayokaribia kwisha muda wake huitoa kwanza. Dawa iliyokwisha muda hutupwa, na fedha za wananchi hutupwa pamoja nayo.

Soma bahasha yako

Sasa unajua kusoma. Tumia elimu hiyo. Juu ya bahasha ya dawa mara nyingi huandikwa hivi: 1 × 3. Maana yake ni kidonge 1, mara 3 kwa siku. Si vidonge 3 kwa mara moja! 2 × 2 ni vidonge 2, mara 2 kwa siku.

Siku ina saa 24. Dawa ya mara 3 kwa siku hunywewa kila baada ya saa 8. Kwa mfano: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, na saa 4 usiku.

Maliza dawa kama ulivyoelekezwa. Dawa mseto ya malaria ni ya siku 3. Mara nyingi homa hupoa kabla ya siku hizo kwisha. Usiache. Usimwekee mtoto vidonge vilivyobaki. Vijidudu vilivyobaki mwilini vinaweza kukurudishia ugonjwa.

Wajibu wako dirishani

Mwambie mtoa dawa mambo haya, hata kama hakuulizi:

• Dawa iliyowahi kukudhuru.
• Dawa nyingine unazotumia, pamoja na dawa za miti shamba. Usione aibu.
• Kama una mimba au unanyonyesha.

Kisha umwulize maswali haya:

• Dawa hii jina lake nani, na inatibu nini?
• Ninywe kiasi gani, saa ngapi, na kwa siku ngapi?
• Ninywe kabla ya kula au baada ya kula?
• Nisichanganye na nini? (Kwa mfano, vidonge vya kuongeza damu havifanyi kazi vizuri vikinywewa pamoja na chai.)
• Nikiona dalili gani nirudi haraka?

Mwisho, rudia maelezo kwa maneno yako mwenyewe. Mtoa dawa akisema, “Ndivyo,” nenda nyumbani. Akisema, “Sivyo,” mshukuru, usikilize tena. Foleni nyuma yako inaweza kunung'unika. Acha inung'unike. Kuuliza si ujinga, na dakika mbili dirishani ni nafuu kuliko wiki mbili wodini.

Maneno mapya

Mfamasia: mtaalamu wa dawa.
Mahututi: mgonjwa sana, aliye karibu na kufa.
Theluthi: sehemu moja kati ya tatu.
Kukadiria: kutaja kiasi bila kuhesabu kila kimoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mfamasia alimrudia daktari wa yule mama?
2. Katika kijiji chetu, watu huficha mambo gani wanapopewa dawa? Kwa nini?
3. Tuna dawa gani nyumbani zilizobaki? Tuzifanyeje?

Hesabu

1. Bahasha imeandikwa 2 × 3 kwa siku 5. Unapaswa kupewa vidonge vingapi?
2. Kati ya mapendekezo 366, madaktari walikubali 362. Walikataa mangapi?