Vikanyagio vya Gita, na Sababu ya Wapigaji Kuvipenda

Mwaka jana nilipoitembelea shule yetu, vijana watatu wa kidato cha tatu walinikamata mlangoni pa chumba cha muziki. Mmoja akaniuliza, "Mzee, gita letu lina nyuzi mpya, na vidole vyetu si vibaya. Mbona halilii kama yale ya Kongo?" Nikalichukua, nikalipiga. Kweli halikuwa na kasoro. Nikawaambia kwamba tofauti iko sakafuni, wala haiko kwenye nyuzi. Wakatazama sakafu wakacheka, maana pale palikuwa na vumbi tu. Kengele ikalia nisiwahi kueleza. Basi somo hili ni deni langu kwao.

Kifaa ninachotaka kukieleza ni kikanyagio, ambacho wapigaji wetu hukiita pedali, kama ile ya baiskeli. Ni kisanduku cha chuma kiwekwacho chini, mbele ya mguu wa mpigaji. Mikono yake ina kazi tayari, kwa hiyo hukiamuru kwa kukikanyaga.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi gita la umeme linavyosema. Chini ya nyuzi pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika waya ule, nao hupanda na kushuka sawasawa na mtikisiko wa uzi. Uzi wa tano ukiachwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde. Basi na umeme wake hupanda na kushuka mara 110. Umeme huo husafiri kwa waya mpaka kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukaisukuma spika. Pedali hukaa katikati ya safari. Ni kama mtu wa forodha pale Mpondwe: kila mzigo lazima upite mbele yake, naye aweza kuuacha upite ulivyo, au kuufungua na kuupanga upya.

Aina za pedali ni nyingi mno, nami sitazitaja zote. Nianze na ile yenye kelele, ili tuimalize mapema.

Hiyo huitwa fazi. Ilizaliwa kwa ajali. Katika studio moja ya Nashville, Marekani, wimbo wa Marty Robbins ulikuwa ukirekodiwa, na Grady Martin akipiga gita la besi. Kifaa kimoja katika meza ya mafundi kilikuwa kimeharibika, na sauti ikatoka ikikwaruza kama bati linaloburutwa. Waliipenda wakaiacha. Fundi wa sauti, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuipata sauti ile makusudi kwa transista, na mwaka wa 1962 kampuni ya Gibson ikaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi hawakuwa wengi mpaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia katika wimbo wa "Satisfaction". Yeye mwenyewe alidhani sauti ile imeshika tu mahali pa tarumbeta, ambazo zingerekodiwa baadaye. Hazikurekodiwa.

Fazi hufanyaje kazi? Tazameni Rwenzori asubuhi wingu likiwa limeondoka. Fikirini mtu mwenye msumeno mkubwa akivikata vilele vyote, kuanzia Margherita wenye mita 5,109, mpaka mlima ukawa bapa kama meza. Ndivyo fazi inavyolitenda wimbi la umeme. Kilele cha mviringo kikikatwa, sauti mpya huzaliwa juu ya ile ya asili: uzi wetu wa 110 sasa hutoa kwa nguvu pia 330, 550, 770 na kuendelea. Kwa hiyo sauti huwa nene na kali, tena hudumu, kwa sababu hata uzi ukianza kuchoka wimbi bado hugonga dari ile ile.

Vijana wa Zambia waliipenda sana fazi katika miaka ya 1970, bendi kama WITCH na Amanaz, hata muziki wao ukaitwa Zamrock. Kongo haikuipokea hivyo, na mimi naona sababu iko wazi. Katika rumba gita la solo, la mi-solo na la ridhimu hupishana kama wafumaji wa mkeka mmoja, kila mmoja akiweka ukindu wake penye nafasi. Ukitia fazi, sauti mbili zikipigwa pamoja huzaana ovyo, na nafasi zote hujaa. Mkeka haufumiki.

Wawa nitaipitia upesi. Ilitengenezwa na wahandisi wa kampuni ya Thomas Organ huko California mwaka wa 1966, na Jimi Hendrix akaitangaza duniani. Hii mguu huilaza na kuiinua, nayo husukuma mbele sehemu moja ya sauti, mara nzito, mara nyembamba. Tamka neno "ua" polepole, ukisikiliza kinywa chako kinavyofunguka. Umekwisha kuwa pedali ya wawa.

Sasa tufike kwenye mwangwi. Waliokaa Kilembe wanaujua bila mwalimu. Ukisimama bondeni mbele ya ukuta wa mlima ukapiga kofi, mlima hukujibu. Sauti husafiri kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mbali nawe mita 51, sauti itakwenda na kurudi mita 102, basi jibu litakufikia baada ya sekunde 0.3. Mpigaji wa gita hawezi kubeba mlima mpaka kwenye arusi, ndipo mafundi wakaubuni wa kuchukulika. Mashine za kwanza zilitumia utepe wa kunasia sauti, kama Copicat ya Watkins iliyotoka London mwaka wa 1958. Utepe umeunganishwa ncha zake ukawa duara. Kichwa kimoja huandika sauti juu yake, na kichwa kilicho mbele kidogo huisoma utepe unapofika. Utepe ukienda sentimita 19 kwa sekunde, na vichwa vikiachana sentimita 5.7, jibu huchelewa sekunde 0.3, sawa na ukuta wetu wa Kilembe. Mashine hizo zilikuwa na sauti tamu, lakini utepe ulichakaa na vumbi liliudhi. Mwaka wa 1983 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa pedali ndogo, DD-2, iliyoandika sauti kwa tarakimu badala ya utepe, na tangu hapo mwangwi huingia katika mfuko wa shule.

Sikilizeni santuri za Docteur Nico, aliyeishi 1939 hadi 1985, ambaye gita lake husikika katika "Indépendance Cha Cha" ya mwaka wa 1960. Katika baadhi ya nyimbo zake gita laelea juu ya mwangwi kama mtumbwi juu ya ziwa Edward. Ila mwangwi wataka hesabu. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.5. Ukiuweka mwangwi kwenye 0.25, jibu huanguka katikati ya mapigo mawili, na msikilizaji hudhani wapigaji wawili wanajibizana. Ukiuweka kwenye 0.4, wachezaji watajikwaa, nao watamlaumu mpiga ngoma. Nimeona jambo hilo kanisani Bwera kwa macho yangu.

Imebaki korasi, na hapa naomba mnivumilie, maana nina habari ya nyumbani.

Watu wawili wakipiga sauti moja, hawalingani kamwe. Mmoja huchelewa kidogo, mwingine hupanda kidogo, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kwaya isikike kuwa watu wengi. Pedali ya korasi huchukua sauti ya gita, ikatengeneza nakala yake, ikaichelewesha kadiri ya sehemu 20 za elfu za sekunde, tena ikaiyumbisha taratibu, kisha ikaichanganya na ile ya asili. Zile za kwanza zilitumia kipande cha umeme kilichobuniwa mwaka wa 1969 na wahandisi wa Philips. Ndani yake mna kapasita nyingi zilizopangwa mstari, na kila moja humpa jirani yake umeme iliyo nao, kama watu wanaopeana ndoo za maji nyumba inapowaka moto. Boss waliitoa CE-1 mwaka wa 1976, na ndogo yake ya rangi ya samawati, CE-2, mwaka wa 1979. Magita ya soukous yaliyorekodiwa Paris katika miaka ya 1980, yale yanayometa kama maji, mara nyingi yamepita katika korasi.

Mjomba wangu alikuwa mchimbaji wa shaba Kilembe. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka wa 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, na, kama mpenda muziki nitaongeza, mwaka ule ule OK Jazz ilipoanzishwa Leopoldville. Yeye aliajiriwa baadaye. Siku za kazi alishika mashine ya kutoboa mwamba. Jumamosi usiku alishika gita la solo katika bendi ya wafanyakazi. Mwenzake wa mi-solo alikuwa mtu wa Beni. Mgodi ulipofungwa mwaka wa 1982 bendi ilivunjika, na yule wa Beni akarudi kwao kwa njia ya Kasindi. Alimwachia mjomba pedali yake ya samawati, akamwambia, "Kaka, hii itapiga sehemu yangu."

Mjomba aliuza gita na amplifaya alipokuwa akitulipia karo, lakini pedali hakuiuza. Ilikaa sandukuni Bwera miaka zaidi ya thelathini. Mwaka wa 2019 aliniita. "Mpwa wangu," akasema, "lete gita lako. Nataka kuisikia kabla masikio hayajafunga kabisa." Mashine ya mwamba ilikuwa imekwisha kuliua sikio la kushoto, na la kulia lilibaki kidogo.

Nilikwenda na gita na amplifaya ndogo. Betri sikuwa nayo, basi nikanunua adapta ya redio sokoni. Volti zilikuwa 9 sawasawa. Sikuangalia alama. Nilipochomeka, taa ya pedali haikuwaka, na baada ya muda mfupi harufu ya kuungua ikatoka. Mjomba hakusikia kitu, ila pua yake ilikuwa nzima. Akanitazama. "Umeiua?" Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa hili. Adapta nyingi za redio zina chanya katikati ya plagi na hasi nje. Pedali nyingi za gita zataka kinyume: hasi katikati. Niliuingiza umeme kinyumenyume. Usiku ule sikulala vizuri, kwani nilijua kipande kile cha ndoo hakipatikani Bwera wala Kasese.

Asubuhi nilimpelekea fundi redio mmoja pale Mpondwe. Akaifungua, akanusa, akagusa kwa sindano ya mita yake, akacheka. Penye mlango wa umeme palikuwa na dayodi moja iliyowekwa makusudi kwa ajili ya watu kama mimi. Umeme ukija kinyume, dayodi huubeba wote yenyewe, ikaungua, na vilivyo nyuma yake hupona. Akabandua dayodi ile na kizuizi kimoja kilichoungua pamoja nayo, akatia vipya. Dayodi yenyewe bei yake haifiki ya chupa ya soda.

Jioni nikarudi na betri. Mjomba akaweka kiganja juu ya ubao wa spika. Nikapiga sauti chache bila pedali, kisha nikaikanyaga. Ile korasi ikaanza kuvimba na kupungua polepole, naye akakisogeza kiganja, akainamisha sikio la kulia. Nikaikanyaga tena kuizima. "Mmoja," akasema. Nikaiwasha. "Wawili. Huyo ndiye." Akaniagiza nipige mpaka betri ichoke, nami nikapiga.

Hiyo basi ndiyo sababu ya wapigaji wetu kupenda korasi na mwangwi kuliko nyingine. Huku kwetu mara nyingi kanisani au arusini yuko mpiga gita mmoja tu, mahali ambapo wimbo wataka watatu.

Kwa chumba cha muziki cha shule nashauri mnunue mwangwi kwanza, korasi baadaye, na betri za volti 9 wakati wote, kwa sababu umeme wa Kasese mnaujua. Mkilazimika kutumia adapta, someni kwanza ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za chanya na hasi, juu ya adapta na juu ya pedali; ni lazima ifanane.

Zoezi kwa kidato cha tatu: Utepe wa mashine ya mwangwi wakwenda sentimita 38 kwa sekunde, na vichwa vyake vimeachana sentimita 9.5. (a) Jibu litachelewa muda gani? (b) Ukuta wa mlima utoao mwangwi kama huo uko mbali mita ngapi? (c) Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, je, wachezaji watajikwaa?