Mpe Mwanao Ukindu Kabla ya Simu

Swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi ni moja, ila linakuja kwa sura nyingi: mwanangu ana miaka minne, penseli inamshinda, kitu kinachonata akikigusa analia afutwe mikono, na ukimnyang'anya simu nyumba haikaliki. Nimnunulie nini?

Usimnunulie kitu, mdogo wangu. Huyo hajakosa midoli, amekosa kazi ya mikono. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ikipungua, bora zaidi. Haya, simu umeizima. Sasa afanye nini mpaka jioni? Sisi watu wa pwani tuna jibu, kwa sababu kila msimu unakuja na vyake vya kushika, kunusa na kusikiliza, na mwakani vinarudi. Mtoto mdogo hufurahi sana anapokitambua kitu kilichorudi.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni msimu wa udongo. Mvua ikikatika, mtafutie udongo wa mfinyanzi, uchimbwe mbali na choo na jalala, afinyange vyungu na ng'ombe wake. Mkate kucha, mnawishe kwa sabuni akimaliza, na dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya kliniki. Mvua ikinyesha kweli kweli, kaeni ndani msikilize bati. Mwulize: hii ni ya rasharasha au imeshakuwa kubwa?

Upepo wa kusi ukishika, ni wakati wa kishada. Vijiti vya ufagio wa chelewa, gazeti la zamani, mkia wa kitambaa, na gundi ya uji mzito wa unga wa ngano. Gundi apake yeye, kwa vidole. Na huyu anayelia akigusa kinachonata je? Usimzamishe mkono kwa nguvu, utamtia hofu zaidi. Mwekee kitambaa chenye maji pembeni, aguse kwa ncha ya kidole kimoja, ajifute, arudie akitaka. Kesho vidole viwili. Kishada kikikauka, mkirushe ufukweni au uwanjani, mbali na nyaya za umeme.

Kwenye ukili, yaani msuko wa ukindu, naomba tukae kidogo, maana kazi hii naipenda na naona tunaiachia wazee peke yao. Nunua fungu la ukindu mkavu sokoni, ukipata uliotiwa rangi ni vizuri zaidi, uuloweke ulainike. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusuka, wala usimlazimishe. Kazi yake ni kuchovya majini, kutenga mwekundu na wa kijani, na kukupa mmoja mmoja unapomwomba. Mwangalie anavyouokota. Mwanzoni anaukamata kwa kiganja kizima, unakunjika, unamponyoka. Siku zikipita anaubana kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, ulimi umetoka nje kwa umakini. Mbano huo ndio utakaoshika penseli na kufunga vifungo vya shati la shule. Akifika miaka mitano au sita, mfungie nyuzi tatu pamoja, umwonyeshe: wa kulia unapita katikati, wa kushoto unapita katikati. Atakosea, ukili utapinda kama nyoka. Usiufumue ukautengeneza mbele yake. Ukifikia urefu wa kutosha, uzungushe na kuushona uwe kitanga cha kuwekea kikombe chake, na kikombe kiwekwe hapo kila siku. Kama nyumbani kuna bibi anayesuka, mwachie yeye kazi ya kufundisha. Ana subira ambayo wewe uliyetoka kazini saa kumi na mbili huna.

Msimu wa kaskazi unakuta maembe yapo sokoni. Mfunge macho kwa leso anuse dodo na ndimu, akuambie lipi ni lipi. Kokwa kubwa ioshwe, ianikwe mpaka nyuzi zisimame, aichore macho awe na mwanasesere mwenye nywele. Nazi nayo haina msimu: wewe ikune, halafu mbuzi ya kukunia iondoke kabisa mbele yake, yeye akamue tui kwa maji ya vuguvugu. Viganja vinapata nguvu na mchuzi unaiva.

Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo mtoto anayekua ataikuta katika misimu tofauti. Mpe kinu kidogo atwange iliki, harufu hiyo ataijua mpaka uzeeni. Ila sikukuu ikifika, piko msimpake. Rangi ile nyeusi ina kemikali inayoweza kubabua ngozi ikatoka malengelenge, na alama zinabaki. Hina ya majani inatosha kwa mkubwa kidogo. Mtoto mchanga asipakwe chochote. Na katika msimu wowote, shanga, mbegu za ubuyu na kete ziwekwe mbali na wa chini ya miaka mitatu, zinapalia.

Na mwisho, shoga zangu, yapo yasiyotibiwa kwa ukindu. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka na anatumia mkono mmoja tu huku mwingine ameukunja, au ukimwita kwa nyuma hageuki, au alichokuwa anakiweza ameacha kukiweza, usisubiri msimu upite wala usikubali kuambiwa atakua tu. Chukua kadi yake, mpeleke kliniki wiki hii.