Dondoo muhimu: Injini na mikanda mipya ya usalama kwenye gari la zamani

- Breki kwanza. Land Rover ya Series II ikipewa injini yenye nguvu zaidi, breki zake za dramu huelemewa. Ziboreshe kabla ya injini kuwashwa.
- Pima uzito. Injini nzito hulaza springi za mbele na kufanya usukani kuwa mgumu.
- Usifunge mkanda kwenye bati tupu. Weka bamba nene la chuma nyuma ya bolti. Bati likitobolewa na bisibisi, hiyo ni kutu. Lichomelee upya kwanza.
- Mkanda uanzie usawa wa bega au juu kidogo. Ukitokea chini, ajali hukandamiza uti wa mgongo.
- Usinunue mkanda wa gari lililopata ajali.
- Namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi ya gari.